Hodi Getini kwa Bi Zubeda

Midrand, Johannesburg
9 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali nakuomba kitu kimoja. Barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukiimaliza itie motoni. Usimsomee Mchungaji, usimsomee shangazi, na nakusihi usiwasomee wale wazee wako wawili wa baraza, maana najua bado wanakuja kunywa kahawa na kukata kesi zisizowahusu. Neno lolote la humu lisitoke nje ya nyumba. Ndiyo sababu sikukupigia simu. Simu yangu ni ya ofisi na sijui nani anasikiliza. Huenda hakuna. Lakini unanijua, mimi ndiye mtoto niliyekuwa nachungulia uvunguni, nikishalala naamka kuchungulia tena.

Sasa salamu. Kifua kinasemaje na baridi ya Usangi? Bado unakohoa kile kikohozi chako cha mahakamani, kile ambacho watu wakikisikia walikuwa wanasimama kabla hujatokea mlangoni? Na Rufaa, mbwa wako mvivu, bado anabwekea maparachichi yakianguka na kuwaachia wezi wapite? Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Mimi ni karani katika ofisi ya esteti, makazi ya watu wenye uwezo, yenye ukuta pande zote na geti moja. Kwa shahada yangu ya sheria nachapa barua za kuwaonya watu: nyasi zako zimerefuka, gari lako limeegeshwa vibaya, nguo zako zinaonekana barabarani. Nimekuwa mzuri sana wa kuandika "kwa heshima tunakukumbusha".

Ndani ya esteti hii anaishi Bi Zubeda, mwenyeji wa Morogoro. Aliolewa na mpigania uhuru wa huku wakati walipokuwa wakimbizi kwetu, na mlango wa kurudi ulipofunguliwa akamfuata mumewe. Sasa ni mjane, anakaa katika nyumba ya mwanawe Sipho, fundi wa mitambo melini. Jumapili nikitoka kanisani hunipikia wali na mchicha wa nazi, na kila mara huniuliza kama nimekonda au ni gauni.

Sipho alipoondoka alimwachia mama yake mbwa. Alimnunua mdogo, mweupe mweupe, na aliyemuuzia alimnong'oneza kwamba baba yake ni mbwa mwitu. Si wale wenye madoa wa mbuga zetu. Ni wale wakubwa wa kijivu wa nchi za theluji. Jina lake Mgeni. Leo ana miguu mirefu kama ya ndama na macho ya njano, na habweki. Hunyanyua pua akatoa sauti moja ndefu, na mbwa wote wa esteti wakamwitikia. Bi Zubeda ni Mwislamu wa kushika dini, hamgusi. Ana kanga moja mbovu anayoiita "kanga ya mbwa", hujifunga hiyo akimpelekea chakula uani, akirudi huivua na kuosha mikono. "Mimi simpendi," huniambia. "Lakini ni amana ya mwanangu." Kisha husimama dirishani akimsimulia Mgeni habari za Morogoro.

Sheria ya huku inasema chotara kama huyo hafugwi hivi hivi. Mwenyewe aombe kibali, awe na uzio mrefu uliozama ardhini, maana wanachimba na kuruka. Asiye na kibali, mnyama wake huchukuliwa, na mnyama anayechukuliwa huwa harudi. Nimeisoma sheria yote, Baba, na sioni ubaya wake. Mgeni si paka.

Ubaya niliuona wiki iliyopita. Jirani alilalamikia ile sauti. Meneja wetu, Bwana Owuor, Mkenya, ndiye aliyemruhusu Mgeni aingie akiwa mdogo, alimkuna tumbo, akacheka, akasema, "Huyu ni mbwa wa kawaida tu, wacha apite." Sasa kamati ya wenye nyumba ikijua, kazi yake imekwisha. Akanichukua tukaenda kwa Bi Zubeda. Kengele ipo getini. Hakuibonyeza. Alipaza sauti: "Hodi! Hodi hapa, Mama!"

Huku hakuna mtu anayepiga hodi. Unabonyeza kengele, mwenye nyumba anakutazama kwenye kamera kama mhalifu. Bi Zubeda alitoka mbio, ushungi haujakaa sawa, uso umejaa nuru. "Karibu! Karibuni ndani, wanangu! Nani huyo ananipigia hodi Sauzi?"

Akatukalisha, akatuletea chai na vitumbua. Owuor akala viwili, akauliza taratibu, "Na huyu mnyama, Mama, si ni mkubwa! Ni wa kabila gani?"

Nawe unajua mwenyeji wetu akisifiwa kilichomo nyumbani mwake. "Huyu? Baba yake mbwa mwitu kabisa, wa kwenye barafu! Mtazame macho yale!"

Owuor akakirudisha kitumbua cha tatu kwenye sahani. Barabarani akaniambia, "Umeskia, Eva. Mama amejisemea mwenyewe."

Sasa, ili Mgeni aondolewe kimya kimya kabla kamati haijajua, anataka maafisa wa wanyamapori waje wachukue mate yake wayapime. Hawana amri ya mahakama, na Owuor hataki iombwe, kwa kuwa mahakama itauliza nani alimruhusu mnyama. Bila amri wataingia kwa ridhaa ya mwenye nyumba tu. Ombi la kibali likiwahi kabla yao, Mgeni anaweza kubaki akisubiri jibu. Lakini ombi lazima litiwe saini na Sipho, naye yuko baharini mpaka mwisho wa Julai.

Na mimi? Kibali changu cha kazi kimeshikwa na ofisi hii hii. Ninaogopa, Baba. Niambie la kufanya. Barua anakuletea Amisa, yule mfanyabiashara wa Kigoma. Ataituma kwa basi la Mwanga akifika Dar.

Mwanao,
Eva


Usangi
24 Juni 2025

Mwanangu Eva,

Marahaba. Barua nimeipokea na nimeisoma mlango umefungwa, mpaka shangazi yako akauliza kama nimefariki. Motoni sijaitia. Mimi sijawahi kuchoma jalada maishani. Nimeiweka ndani ya Biblia, katika Mambo ya Walawi, ambako Mchungaji mwenyewe hafiki.

Kifua kizuri. Kikohozi kipo, ila siku hizi hakuna anayesimama. Rufaa ameibiwa sahani yake ya chakula akiwa amelala juu yake.

Sasa shauri lako. Nilikaa kitini miaka mingi katika mahakama ya mwanzo, na wenye kesi za mbuzi walilia mbele yangu kuliko wenye kesi za watu. Najua mnyama anavyoingia moyoni. Hata hivyo sheria ni sheria, na wewe mwenyewe umesema haina ubaya. Mnyama wa mwituni anataka kibali, kibali hakipo, basi. Huyo bibi aliitikia hodi kwa kinywa chake. Aliyesema karibu amefungua mlango. Hawezi kusema umefunguliwa na upepo. Bwana Owuor ni mjanja, nakubali, lakini ujanja haumo katika Kanuni ya Adhabu. Ungekuwamo, nusu ya Upare ingekuwa gerezani, nami ningeanza na ukoo wetu.

Wewe ni karani. Karani haamui kesi. Chapa wanachokupa, usitie saini jambo usiloliona kwa macho, na usipeleke maneno kwa upande wowote. Na hofu ikikuzidi, rudi. Chumba chako kipo, godoro nimelianika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una mwaka wa tatu huko, na sioni kama wamekupa hata mpini.

Nisalimie huyo Bi Zubeda, lakini kwa mbali.

Baba yako,
Elisante


Midrand
6 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nafurahi kifua kinaendelea, na pole kwa sahani ya Rufaa. Hapa baridi imekaza. Asubuhi nyasi ni nyeupe na Mgeni ndiye pekee anayefurahi.

Nilifuata ushauri wako kadiri nilivyoweza. Nilichapa, nikanyamaza. Lakini mambo yamenifuata mezani.

Jumatano Bwana Owuor aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Akanimiminia chai yeye mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Eva, wewe ni dada yangu. Si ni hivyo? Hapa Sauzi sisi wote ni wageni."

"Ndiyo, bosi."

"Wacha hiyo bosi. Sasa, maafisa watakuja Ijumaa ya tarehe kumi na nane. Mimi nikipiga hodi tena, Mama atashtuka. Ile siku alinitazama vibaya nikitoka. Lakini wewe anakupenda. Utasimama getini, utapiga hodi, atasema karibu, watu wataingia. Hiyo tu. Hakuna kusaini, hakuna kuapa. Ni salamu tu, Eva. Kwani salamu ni dhambi?"

"Na Mgeni?"

"Mgeni ni mbwa."

"Umesema sisi wote ni wageni."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Skia. Mimi nina watoto watatu shule hapa, na kibali changu kimeshikwa na hao hao walioshika chako. Unadhani nalala? Usinifanye nikuandikie vibaya."

Nikatoka na chai yangu haijaguswa.

Jioni nilikwenda kwa Bi Zubeda. Najua ulisema nisipeleke maneno. Nilimwambia yote, nikamwomba siku hiyo akisikia hodi asiitikie.

"Nisiitikie?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Hodi? Mimi? Mama yangu alikuwa anaitikia hodi akiwa bafuni ana povu machoni."

"Ni hodi ya hila, Bi Zubeda."

"Hodi haina hila, mwanangu. Hila anayo mtu. Mtu akishasema hodi, mimi sijui kilichomo moyoni mwake, mimi najua wajibu wangu. Wewe ukija ukaita hodi, nitakuacha nje na baridi hii?"

"Hata ikiwa mimi?"

"Ikiwa wewe ndiyo kabisa! Nitafungua kabla hujamaliza."

Nikamwuliza, na Mgeni je, amana ya Sipho? Akaanza kukunja kanga ya mbwa, akaikunjua, akaikunja tena. "Nitajaribu," akasema. "Lakini kinywa kimezoea, Eva. Kitatangulia."

Basi unaona, Baba. Mlango wa bibi huyu haufunguliwi na amri wala na nguvu. Unafunguliwa na neno moja, na wamechagua kinywa changu kilitamke. Sheria wanayo, mahakama wanayo, karatasi wanazo. Waziombe, waje nazo mchana kweupe, nitawafungulia geti mimi mwenyewe. Kwa nini wanataka heshima yetu iwafanyie kazi ya askari?

Nijibu haraka. Amisa anaondoka leo na atarudi na jibu lako akiwahi mpaka wa Tunduma. Na barua hii, nakuomba tena, ichome. Walawi hapatoshi.

Mwanao mwenye hofu,
Eva


Usangi
14 Julai 2025

Eva mwanangu,

Marahaba. Salamu nimezifupisha kwa kuwa basi linaondoka.

Piga hodi.

Najua hutapenda kusikia. Nimeipima kama hakimu na kama baba, na mizani zote mbili zimelala upande mmoja. Umeagizwa na mkubwa wako. Kosa likiwapo ni la aliyetuma, si la aliyetumwa. Kuita hodi si uongo, si kiapo, si wizi. Ita mara moja, sogea pembeni, watu wazima wamalizane.

Sikuuza shamba la kahawa la upande wa bonde ukasome ili ufukuzwe kazi kwa ajili ya mbwa, tena mbwa nusu. Ukifukuzwa kibali kitakwisha, na kibali kikiisha utakuwa unajificha kwenye nchi ya watu kama aliyeiba. Mimi ni mzee, sina pumzi ya kukufuata huko. Usinitie katika jaribu hilo.

Huyo bibi atalia, kisha atapoa. Watu hupoa. Nimewaona wengi.

Piga hodi, mama. Nakuamuru.

Baba yako


Newtown, Johannesburg
27 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai uko salama, na wote nyumbani salama.

Barua yako Amisa alinikabidhi Jumanne, siku nne baada ya mambo kwisha. Nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya marobota yake ya nguo. Nataka ujue jambo moja kabla ya yote: hata ningeipata mapema, nisingekutii. Ndiyo mara ya kwanza naandika maneno hayo kwako. Nimeyaandika kwa kalamu ya wino ili nisiweze kuyafuta.

Ijumaa ile tulikwenda watu wanne. Bwana Owuor, mimi, na maafisa wawili wa wanyamapori, mwanamke na mwanamume. Mwanamke ndiye mkubwa, ana mkoba wa vifaa na sura ya mwalimu wa hesabu. Nomsa, mlinzi wa geti kuu, alitufuata kwa nyuma na redio yake kwa sababu kila kitu huku lazima kiwe na mlinzi. Jua lilikuwa kali na baridi iko pale pale.

Tukasimama. Pazia la Bi Zubeda lilikuwa limefungwa, lakini niliona kivuli nyuma yake.

"Haya, Eva," akasema Owuor kwa Kiswahili. "Piga."

Nilifungua mdomo. Nilidhani hodi itatoka yenyewe, kama kinywa cha Bi Zubeda kinavyotangulia. Badala yake nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Sipigi."

"Unasema?"

"Sipigi hodi. Mimi nikiita hodi kwenye nyumba ya mtu, ni kwa kuwa nimekuja kwa amani. Leo sikuja kwa amani. Mkitaka kuingia, leteni amri."

"Eva. Usiniaibishe mbele ya watu."

"Umejiaibisha toka ulipokula vile vitumbua."

Hiyo sikuipanga. Ilitoka tu. Nomsa hajui Kiswahili, lakini alielewa uso wa Owuor, akasema, "Eish."

Yule afisa mwanamke akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Owuor akamwambia hakuna kitu, msichana ana mafua. Kisha akajongea getini yeye mwenyewe, akarekebisha tai.

"Hodi!"

Ndani kitu kilianguka, kama kifuniko cha sufuria.

"Hodi hapa!"

Hapo Mgeni akaanza kule uani. Unajua baragumu linavyoanza chini kisha likapanda? Akaanza hivyo. Mbwa wa jirani akadakia, na wa nyumba ya pili, na vile vibwa vidogo vya mtaa wa juu vyenye masweta, mpaka esteti nzima ikawa inalia. "Kwaya imekamilika," akasema Nomsa kwa Kiingereza, na yule afisa mwanamume akageuka pembeni ili asicheke.

Owuor akangoja sauti zipungue. Akaita mara ya tatu, na sasa sauti yake ilikuwa laini, nami hiyo ndiyo sitaisahau: "Hodi, Mama. Ni mwanao Owuor. Utaniacha nje kwenye baridi?"

Pazia likatikisika. Nilimwona Bi Zubeda akiinama kama mtu aliyepigwa tumboni. Nikajua sasa inatoka. Nikafumba macho.

Haikutoka.

Hodi tatu, Baba. Hodi tatu zisipoitikiwa mtu huondoka. Hilo halimo katika sheria yoyote niliyosoma na kila mtu wa kwetu analijua. Owuor mwenyewe alilijua, maana alirudi nyuma hatua moja bila kukusudia. Kisha akakumbuka yuko Sauzi. "Yumo ndani!" akawaambia maafisa. "Namwona kabisa!"

Yule mwanamke akafunga mkoba wake. "Kuwa ndani si kukubali," akasema. "Hakuna aliyetukaribisha, na mimi sina amri. Ulinieleza mwenye nyumba ameridhia." Akanitazama mimi. "Mwambie mwenye mnyama alete ombi lake kabla hatujapata amri. Tutakuja kuukagua uzio."

Wakaondoka. Owuor alibaki ameshika komeo la geti kwa nje. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Akasema pole pole, "Umeniua, Eva," na jioni nikapewa barua ya kusimamishwa kazi. Imechapwa na mtu asiyejua kuchapa.

Nilipoingia kwa Bi Zubeda nilimkuta sakafuni amejiziba mdomo na kanga. Kaitoa, kaitazama, kapiga ukelele. "Ya mbwa! Eva, nimeuma kanga ya mbwa! Ndiyo iliyokuwa karibu!" Akakimbilia bomba, akaosha kinywa mara saba na mchanga wa bustanini, kama dini yake inavyoagiza, huku analia na kucheka. Baadaye aliniambia, "Alivyoita mara ya tatu kama mwanangu, ningefungua. Lakini nilikusikia wewe ukikataa. Nikasema moyoni, kama mtoto wa watu, mwoga kama huyu, amekataa kuipiga, na mimi naweza kukataa kuiitikia."

Sipho ameshuka melini juzi, ametia saini, na ombi limepokelewa. Hatujui jibu litakuwa nini. Huenda likawa hapana, na likiwa hapana limepita mlangoni, nasi tutalipokea. Esteti imewapa notisi: kibali au si kibali, Mgeni asikae pale. Bi Zubeda amewajibu kwamba naye hakai nyumba isiyotaka amana yake. Wanahama. Nami nahama nao.

Kikao cha kunihukumu mimi kitakuwa mwezi wa tisa. Nimeruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kukaa kando yangu. Sina wa kumwomba, nitakaa mwenyewe.

Umekasirika, najua. Kaa ukikasirika. Mimi bado naogopa, usiku naamka nachungulia uvunguni. Lakini sijutii.

Mwanao,
Eva


Usangi
29 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Umesubiri jibu muda mrefu, na Amisa ameniambia kwa simu kwamba kila akirudi unamwangalia mikono. Nisamehe. Nilikuwa na kesi.

Siri yako nimeivunja. Nilikaa na barua mpaka ikanishinda, nikawaita wale wazee wangu wawili wa baraza, nikawasomea zote, tangu ya kwanza, pamoja na zangu. Kahawa ilipoa. Wewe umesoma sheria, unakumbuka taratibu za mahakama ya mwanzo: hakimu huketi na wazee wawili, na kila mmoja ana kura yake. Nikatoa uamuzi wangu kwamba karani amemkaidi mkubwa wake na amemkaidi baba yake, hivyo ana makosa mawili. Nikawauliza maoni.

Wa kwanza akasema, "Hodi ya kutumwa si hodi. Mtoto hana kosa." Wa pili, yule kiziwi, nilidhani hajasikia. Akasema, "Mimi ningemfungulia mashtaka aliyesema piga hodi." Akanitazama mimi, si barua.

Wawili kwa mmoja. Hakimu akipingwa na wazee wote wawili, hakimu ameshindwa, na hana pa kukimbilia. Hata Rufaa alikuwa amelala.

Basi. Kikao chako unaruhusiwa mtu mmoja kando yako. Pumzi niliyosema sina nimeitafuta nikaipata. Pasi ya kusafiria imetoka wiki hii. Picha yake nimetoka kama mtuhumiwa. Ninakuja na Amisa, safari yake ijayo. Shangazi yako anapiga kelele kuanzia asubuhi kwamba nitakufa Zambia. Nimemwambia Zambia ni pazuri pia.

Nielekeze nitakavyokufikia. Andika vizuri, mimi si kijana.

Baba yako,
Elisante


Johannesburg
7 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimeisoma barua yako mbele ya Bi Zubeda kwa sauti, basi nami nimevunja siri, tuko sawa. Amecheka mpaka akashika ukuta, kisha akaanza kuuliza unakula nini na huli nini.

Afya yangu njema. Ile ya Mgeni njema zaidi. Wakaguzi wameuona uzio mpya, wameusukuma, wamechimbua chini yake, wameandika. Jibu bado. Mgeni na mimi sote tunasubiri kibali, na yeye ndiye anayelala vizuri.

Yafuatayo yasome mara mbili. Safari hii usiyaweke katika Walawi. Yaweke mfuko wa shati.

Jina la mahali tulipo siliandiki. Sina hakika kama ni lazima kuficha, lakini unanijua. Vaa koti lile zito, na kofia. Basi litakushusha Park Station. Usitoke nje peke yako, mshike Amisa, na mtu akikuita "baba" kwa ukarimu mwingi usimwitikie. Nenda naye mpaka Newtown kwenye stoo yake, kaa juu ya marobota, kunywa chai. Yeye atampigia Sipho. Sipho ni mrefu, ana pengo la jino la mbele, na Kiswahili chake ni cha mama yake, ataanza sentensi nacho na kumaliza kwa Kizulu. Usipande gari la mtu mwingine yeyote, hata akisema ametumwa na mimi.

Mtapita robot nyingi, yaani taa za barabarani, kisha nyumba zitaanza kuachana. Lami itakwisha. Utaona uzio mrefu wa waya kuliko unavyodhani uzio unaweza kuwa, na geti la bati lisilo na kengele. Sipho atakushusha hapo akazunguke kuegesha nyuma.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo utakapokosea. Ukifika getini usiseme hodi. Najua mdomo utataka. Ushike. Tangu Ijumaa ile, katika nyumba hii hodi haiitikiwi na mtu, na hatujaamua bado ni lini itaanza kuitikiwa tena. Bi Zubeda akiisikia tu anashika kanga.

Simama tu pale, Baba, unyooke, na ukohoe. Kile kikohozi cha mahakamani, mara moja. Mgeni ataanza kulia. Usiogope, ndivyo anavyosema.

Nasi wote huku ndani tutasimama.

Mwanao,
Eva